Watu wa Karatasi Kwenye Plani ya Materniti

Nikiona mchoro wa nyumba mpya umebandikwa mahali, siangalii nyumba kwanza. Naangalia watu. Wale watu weusi wadogo wasio na macho wala mdomo, wanaosimamishwa karibu na mlango ili mtazamaji ajue mlango una urefu gani. Siku hizi vijana wanawatoa kwenye ordinateri, hizo kompyuta: wanachagua mtu, wanabonyeza, mtu anasimama. Wananiambia, mama, hii ni kazi ndogo sana. Ndogo! Nawaangalia tu. Katika ofisi yetu ya michoro hapa Bunia, miaka ya sabini ikielekea themanini, mashine hiyo ilikuwa mikono yangu, na hiyo kazi ndogo inanichoma moyo mpaka leo.

Sikusomea michoro. Nilisomea ushonaji kwa masista, na shefu wa ofisi alinichukua kwa sababu ya mkasi. Alikuwa amejaribu wanaume wawili kabla yangu. Mmoja aliwakata watu wote miguu, mwingine alitoa watu wenye mabega ya ng'ombe. Shefu akanipa wembe, mkasi mdogo na karatasi nyeusi iliyotoka ndani ya maboksi ya filamu za picha. Nikamkatia mwanaume wa sentimita tatu na nusu, na shingo yake, na visigino vyake. Akampima kwa rula, akamgeuza, akampima tena. Akasema: "Sitwayeni, kesho kuya kazini." Wakati ule wote tuliitwa hivyo, sitwayeni, yaani raia; bwana na bibi zilikuwa zimekatazwa.

Plani zilichorwa kwa wino juu ya kalke, ile karatasi inayopitisha mwanga. Tukitaka kopi, tuliiweka kalke juu ya karatasi ya dawa, tukafunika kwa kioo, tukapeleka uani kwenye jua, maana mashine ya kopi ilikufa kabla sijafika na hakuna aliyejua kuifufua. Jua lilikula dawa kila mahali isipokuwa chini ya wino. Kisha karatasi iliingia kwenye sanduku lenye bakuli la amonia, machozi yakitutoka, na mistari ikajitokeza kwa rangi ya buluu. Watu wangu sikuwabandika kwa gundi. Niliwapanga juu ya kalke kwa ncha ya wembe, kioo kikawashika, na pale walipozuia jua kivuli chao kilibaki. Upepo ukija kabla ya kioo, basi, wote waliruka. Siku moja nilikimbiza familia nzima mpaka kwenye uzio wa jirani.

Sasa sikieni kilichokuwa kinaniudhi. Watu niliowakata hawakuwa watu wetu. Shefu alikuwa na albamu aliyorudi nayo kutoka masomoni Ulaya, kurasa nyingi za vivuli vya watu, na ilibidi nifuate hiyo. Mwanaume wa koti la mvua. Mwanaume anayesoma gazeti amesimama. Mwanamke wa kofia na mbwa wake wa kamba. Yule mwanamke nilimkata mpaka ningeweza kumkata nimefumba macho. Nilimsimamisha mbele ya shule ya mtaa, kartie Lumumba, mbele ya ghala la kahawa, mbele ya nyumba za wafanyakazi upande wa Nizi. Ebu niambieni, Bunia nzima nani alikuwa anatembeza mbwa kwa kamba? Na shefu mwenyewe alivaa abakosti, lile koti la kizalendo lisilo na tai, iliyofungwa mpaka kooni! Akimwona mtu na kravati, tai ya Kizungu, barabarani alimgombeza mbele ya watu: otantisite, sitwayeni, tujirudie wenyewe. Halafu anaingia ofisini, ananiuliza kama kravati za watu wa karatasi zinaonekana vizuri.

Nilimuuliza siku moja.

"Shefu, hawa watu wa makoti, wanatoka wapi?"

"Watu wa plani ni watu wa plani," akasema. "Watu wa barabara ni watu wa barabara. Usivichanganye."

Alisema bila hata kuinua kichwa. Nikarudi kwenye meza yangu nikimtukana kimoyomoyo.

Mwaka uliofuata ikaja kazi ya materniti, nyumba ya kuzalishia. Ilikuwa ijengwe pembeni ya mji, upande wa barabara inayoshuka kutoka milima ya Djugu, ili wanawake wa huko wasilazimike kuvuka mji mzima. Kazi nzuri, nilifurahi kweli. Mimi mwenyewe ni mtoto wa milima hiyo, na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama tunavyomwita hapa kila mkubwa wetu, alikuwa ameolewa huko huko. Yaya alikuwa mtu wa kuzaa kwa taabu. Mtoto wake wa kwanza alimchukua siku mbili, na kama wanaume wa kilima wasingembeba kwa tipoyi mpaka kwa waganga wa hospitali ya mji, tungezika wawili.

Tipoyi ni machela ya miti miwili mirefu, mita nne hivi, na kitanda cha kamba katikati. Wanne wanabeba mabegani, wanne wengine wanafuata. Kilimani kwetu kila nyumba inatoa mwanaume kwa tipoyi, na anayejificha analipishwa pombe na kuchekwa mwaka mzima. Na iko sheria moja ambayo hata mlevi haivunji: mgonjwa akishalazwa, tipoyi haigusi ardhi mpaka afike mlangoni kwa mganga. Wanabadilishana mabega wakitembea, mmoja anatoka chini ya mti, mwingine anaingia, mwendo haukatiki. Tipoyi inayowekwa chini njiani ni ya maiti. Ukiiweka chini na mtu hai ndani yake, umemwambia mbele ya wote kwamba umeshamwacha.

Basi plani ikaletwa mezani kwangu nipange watu. Nikaangalia lango. Mbele ya mlango shefu alikuwa amechora ukuta, ili wapita njia wasione ndani. Wazo la heshima, sikatai. Lakini kuingia, ulipita kati ya ukuta na nyumba kwenye ujia wa mita moja na nusu, ukapinda kulia, ukapinda tena kushoto, ndipo ufike mlangoni. Nikabaki naangalia ile kona. Nikachukua karatasi nyeusi, nikakata tipoyi inavyoonekana na ndege aliye juu: miti miwili ya sentimita nane, kitanda, vichwa vinne. Nikaiweka barabarani pale kwenye plani, nikaisukuma kwa kidole. Ikaingia vizuri. Kwenye kona ikagota. Nikairudisha nyuma, nikajaribu kwa ubavu, nikajaribu kinyumenyume. Ilikwama palepale.

Nilimwita shefu. Nilifurahi, mjinga miye, nilifikiri nimemsaidia.

"Hii iko nini?"

"Tipoyi, shefu. Angalia, haipite."

"Tipoyi! Mu materniti ya kisasa?" Akacheka. "Sitwayeni, wagonjwa wataletwa na ambilansi."

"Ambilansi gani? Kule barabara inaishia kwenye soko la Jumatano."

"Barabara itafika."

"Na mpaka ifike?"

Hapo akakasirika. Akachukua mkasi wangu, mkasi wangu mwenyewe, akaikata ile miti ya tipoyi pande zote mbili, chwa, chwa, pamoja na vichwa vya wabebaji. Kikabaki kitanda tu. Akakisukuma kwa kidole chake kinene, kikapinda kulia, kikapinda kushoto, kikaingia mlangoni.

"Unaona?" akasema. "Inapita."

Naapa, nimeishi miaka mingi, nimeona mengi hapa Bunia, lakini sijaona kitu kilichonikasirisha kama kile kidole. Inapita! Kitanda kinachotembea chenyewe hewani! Vichwa vinne vilikuwa vimelala pale mezani, vidogo kama mbegu za ulezi, akavipuliza vikaanguka chini.

Siku ya kutoa kopi kwa ajili ya wakubwa, nilikata tipoyi nyingine, safari hii ya kuwekwa kwenye mchoro wa nyumba kwa mbele, inayoonekana kutoka ubavuni: wanaume wanne wakubwa wa kifua, magoti yamejikunja kwa uzito, mwanamke amelala na tumbo lake juu. Nilimkata nikimfikiria yaya. Uani, kabla ya kufunika kioo, nilimwondoa mwanamke wa mbwa, nikaiweka tipoyi mahali pake, mbele kabisa ya lango, na ukubwa wake sahihi ili kila mwenye macho aone haiingii. Kopi ikatoka kwenye amonia, nzuri mno. Shefu aliiangalia kidogo tu, akaipasua mara mbili. Hakupiga kelele. Alisema wakubwa wakiona hivi watadhani siye bado washenzi, na kama sikutaka kazi nimwambie, wasichana wa masista walikuwa wengi. Nikampanga mwanamke wa kofia na mbwa wake, nikatoa kopi nyingine. Wakubwa walipiga makofi.

Materniti ikajengwa. Nyeupe, bati linang'aa, sakafu ya saruji laini. Ukuta wa mbele ukasimama palepale ulipochorwa. Mwashi mwenyewe alikuja ofisini kuuliza kama vipimo vya ujia vilikuwa kweli, akarudishwa kazini kwake.

Haukupita mwaka. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, niko mezani, mama mmoja muuza maharagwe akaniita dirishani: "Mama, yaya yako anapita! Wanamubeba!" Niliacha wembe wazi, nikakimbia na kandambili zangu mkononi. Nilifika wakati wanaingia langoni. Wanaume wanane wa kilima, wamelowa jasho na umande, wametembea tangu alfajiri. Wa mbele kulia alikuwa shemeji yangu, mume wa yaya. Na yaya ndani, ameng'ata kikwembe, kitenge alichojifunga.

Wakaingia kwenye ujia. Wakafika kwenye kona. Wakagota.

Nilikuwa nimeshaiona hiyo kona! Kwa kidole changu nilikuwa nimeiona! Mkunga alikuwa mlangoni, upande wa pili wa ukuta, anaita: "Mumulete! Mumulete, munangoja nini?" Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa ubavu. Miti ikakwaruza rangi mpya. Wakainua upande mmoja, yaya akateleza, akashika mti kwa mikono miwili.

"Mumuweke chini!" nikapiga kelele. "Shemeji, muweke chini, mumubebe na mikono!"

Akanigeukia. Sitasahau uso ule.

"Chini? Weye, ndugu yake, ndiye unasema chini?"

Ni watu waliobeba mtu kwa muda wa saa nne bila kumgusisha udongo, hatua ishirini kutoka mlangoni unawaambia wamtangaze maiti. Wakatoka tena nje mpaka ukingoni mwa barabara ili waingie kinyumenyume. Na hapo yaya mwenyewe ndiye aliyesema. Alitoa kikwembe mdomoni, akasema: "Munitue." Hawakusikia, au hawakutaka kusikia. Akasema tena kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wakashusha. Shemeji alilia kama mtoto, mwanaume mzima.

Mtoto alizaliwa pale, juu ya saruji ya langoni, upande wa nje wa ukuta uliojengwa ili watu wasione. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walishusha mizigo, wakafungua vikwembe vyao wakafanya duara, lakini watu ni watu, hata wa baiskeli walisimama. Mkunga alikimbia akazunguka na ndoo yake, akakuta kichwa kimeshatoka. Mtoto wa kike, mzima, alilia vizuri. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yaya alijifunika uso, hakuufunua hata walipomwinua kwa mikono na kumwingiza ndani. Aliniambia mara moja tu: "Nimezala kama mbuzi, mbele ya watu." Hakulizungumza tena.

Nilirudi kwa shefu na damu ya yaya kwenye gauni. Nilisema yote. Nilisema kwa sauti, milango wazi, wachoraji wote wanasikia, na kwa mara ya kwanza sikumwita shefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Rangi imeharibika sana?"

Eeh, jamani! Rangi!

Wiki iliyofuata aliniita. Alikuwa mpole, hata kiti alinipa. Akasema amefikiri. Nikajua sasa ukuta utavunjwa. Akasema: "Ile tipoyi yako ya ubavuni, ile ya muzuri, tuko na kazi nayo." Alitaka niikate upya, kubwa, mita nzima, kwenye karatasi ngumu. Mchoraji wa vibao angefuata ukingo wake kwa rangi nyeusi juu ya bati, halafu apige mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona. Kibao kisimame barabarani, mbele ya materniti. Watu wa milima hawasomi, akasema, lakini picha wataelewa.

Na mimi nikaikata.

Nasema hapa wazi, maana miaka yote hii nimewakasirikia wengine kwa sauti kubwa na hili nikalimeza. Niliikata. Niliogopa kazi. Nilijiambia kwamba wakiona kibao watasimama barabarani, mtu wa materniti atatoka kumpokea mgonjwa kwa mikono, itakuwa nafuu. Nilijidanganya, hakukuwa na mtu wa kutoka. Na kuna ubaya zaidi: nilifurahia mkono wangu. Baada ya miaka ya makoti ya mvua, hatimaye nimepewa watu wetu, kwa ukubwa ambao unaweza kumpa mtu misuli ya mguu. Niliwapa yote. Nilimlaza mwanamke na tumbo lake, nikamwekea hata fundo la kitambaa kichwani. Mchoraji wa vibao alisema hajawahi kuona. Nilitembea mpaka barabarani kuiangalia ilipowekwa, na nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Miaka miwili baadaye yaya akashika mimba nyingine. Habari zilinifikia zimeshapoa, kama habari zote za milimani. Uchungu ulimwanza, ukakawia kama kawaida yake. Shemeji akapiga mbio nyumba kwa nyumba kuita watu wa tipoyi. Wakaja wote, hakuna aliyejificha. Wakakaa chini, wakakataa. Walisema kule mjini tumekatazwa, tuliona kwa macho yetu, wametuweka barabarani kwenye kibao, na mstari wa damu juu yetu. Wengine walisema twende hospitali ya Nyankunde, wengine wakasema Nyankunde ni kuvuka Bunia na kuendelea, atakufa njiani na tutamweka chini mara ya pili. Walibishana mpaka jua likageuka. Mtoto alitoka siku ya pili, hakulia.

Nilipanda kilimani Jumamosi. Yaya alikuwa ameketi nje, ungo wa maharagwe mapajani, anaambua. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ileile ya haraka. Yule binti wa saruji alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni yake. Nilipiga magoti, nikamshika, nikalia. Nikaanza kumtukana shefu, nikamtukana mkunga, ukuta, wakubwa waliopiga makofi, wote mmoja mmoja. Yaya aliniacha niseme. Alitupa maganda, akachukua mengine.

"Ile picha ya barabarani," akasema, "watu wa tipoyi walinielezea. Walisema imekatwa muzuri sana, hata miguu inachoka. Niliuliza nani alikata. Walicheka. Walisema mu Bunia hakuna mukono mwingine kama ule."

Niliokota maharagwe yaliyoanguka kwenye mkeka, nikayarudisha kwenye ungo.

"Ule mwanamuke juu yake, mwenye kitambaa. Ni miye?"

"Ni weye, yaya."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulivumilia mpaka leo, mimi ninayewaka kwa kila kitu.

"Ulitaka sana tuingie mu karatasi yao," akasema. "Ungetuacha inje, mudogo wangu. Ungetuacha tu inje, wangenibeba."